Pua ya Ima Khomdonbi

Ima Khomdonbi alipoteza pua yake mwezi wa Aprili, na hakumwambia mtu.

Pua yenyewe ilibaki pale pale, ndefu, imesimama katikati ya uso kama mwenye nyumba. Kilichopotea ni kazi yake. Homa ilimlaza siku tisa. Siku ya kumi akaamka ana njaa, akaenda jikoni, akafunua kile chungu kidogo cha ngari kinachokaa karibu na meko, akainama anuse. Patupu. Akainama zaidi mpaka ncha ya pua ikagusa samaki. Patupu tena. Akakaa kwenye kigoda, akautazama ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe, aliogopa.

Mtu asiyeijua ngari atasema kwamba kutosikia harufu ya samaki wa kuvundika ni nafuu. Huyo tumsamehe. Ngari ndiyo inayofanya chakula kiitwe chakula; bila ngari, eromba ni viazi na pilipili vilivyopondwa pamoja, basi. Tunaitengeneza kwa phabou, samaki wadogo wa mtoni na mashambani, urefu wa kidole, wenye doa jeusi penye mkia, ambao hawajui kuishi peke yao: ukimwona mmoja ujue wapo mia tano. Hukaushwa juani, huoshwa, hukamuliwa, kisha hushindiliwa kwa nyayo ndani ya chungu kilichonyweshwa mafuta mpaka kikakinai. Mdomo wa chungu unazibwa, na baada ya miezi sita au zaidi unafunguliwa. Hapo ndipo pua inapotakiwa. Macho hayasaidii sana, kwa sababu ngari nzuri na ngari mbovu hufanana kama mapacha.

Na Khomdonbi, ambaye wote walimwita Ima, yaani mama, ndiye aliyekuwa pua ya safu nzima ya ngari katika soko la akina mama la mji wa Imphal, soko ambalo mwanamume huingia kununua au kupotea, hana kazi nyingine humo. Kizimba chake alikirithi kwa mama mkwe wake, na mama mkwe naye kwa wake. Miaka thelathini na moja alikuwa amekaa hapo mbele, miguu ameikunja, kijiti cha mwanzi mkononi. Wenzake walikuwa wakimletea vyungu vyao avinusie kabla hawajathubutu kuvitia sokoni. Yeye alivifurahia vyote viwili, kazi na sifa, na sifa hasa.

Safu ile ina desturi yake. Mwenye kizimba anafungua chungu mbele ya wateja, anadidimiza kijiti mpaka tumboni mwa chungu, anakivuta, ananusa, anatamka: kinafaa, au hakifai. Neno likishatoka halimezwi. Chungu kilichokataliwa kinavunjwa hapo hapo kwa jiwe, watu wanaona, asije mwenye tamaa akakipitisha kesho kwa mlango wa nyuma. Na chungu si kitu cha mchezo. Kilichokunywa mafuta miaka ishirini hakiuzwi dukani. Mama humpa binti yake aende nacho kwa mume. Kwa hiyo mwanamke wa safu ile hasemi "hakifai" kwa mdomo mwepesi, wala hasemi "kinafaa" kwa kuona haya.

Asiye na pua haketi mbele. Hilo halikuandikwa popote, ila kila mtu analijua. Anasogea nyuma, anafunga vifurushi vya majani, anampisha mwingine. Khomdonbi alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili na hakuwa na nia yoyote ya kufunga vifurushi.

"Pua imekwenda," alijiambia, "akili ipo." Akarudi sokoni, akaketi mahali pake, akaanza kujifunza kazi upya mbele ya watu, bila mtu kujua kwamba anajifunza.

Alijifunza kugonga chungu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza: kilichoiva vizuri hutoa sauti nzito, kilicholegea hutoa sauti ya tumbo lenye maji. Alijifunza kumsugua samaki kati ya kidole gumba na cha shahada, aone kama magamba yanashika au yanateleza. Alijifunza zaidi kusoma nyuso. Mteja akija, anamsogezea kijiti yeye kwanza. "Nusa wewe, mwanangu, usije ukasema nimejisifia." Mteja ananusa, Khomdonbi anamtazama mabawa ya pua na pembe za mdomo, kisha anatoa hukumu kwa sauti ya mtu aliyejua tangu jana. Mei ikapita, Juni ikapita, hakukosea hata mara moja. Akaanza kuona kwamba pua ilikuwa kitu cha ziada tu, cha watu wasio na akili.

Hakujua kwamba kuna mtu aliyemgundua mapema sana. Siku moja mwezi huo wa Mei, Landhoni, mke wa mwanawe Ibohal, alipika eromba, akakuta ngari ya jikoni imekwisha. Nyumba ya muuza ngari haina ngari! Aliona aibu kusema, akaandaa hivyo hivyo. Khomdonbi alikula tonge la kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Leo ngari imekolea," alisema. "Hivi ndivyo nilivyokuwa nakwambia siku zote."

Ibohal alibaki na tonge hewani. Mkewe akamkata jicho moja tu, naye Ibohal akalimeza tonge pamoja na maneno yake. Landhoni alikusanya sahani, akaenda kuziosha, na hakusema kitu siku ile wala siku zilizofuata.

Kwa tabia alikuwa hivyo, mtu wa maneno machache, na hilo ndilo lililomuudhi mama mkwe. Mwaka wa tatu sasa tangu aolewe, na Khomdonbi alikuwa amekwisha kumtolea hukumu yake: ana mikono, hana mdomo. "Sokoni unakaa na mdomo," aliwaambia majirani. "Yule nikimweka mbele, wateja watadhani ni sehemu ya nguzo."

Kitu kimoja tu kilimtia shaka juu ya hukumu hiyo. Landhoni alitoka kijiji cha huko juu, kando ya mto Iril, na Novemba iliyopita walikwenda kwao pamoja kuvua. Maji yalikuwa yanaondoka mashambani na phabou walikuwa wanarudi mtoni kwa mifereji. Khomdonbi alizoea kununua samaki, si kuwavua. Alisimama majini, phanek, nguo yake ya kujifunga kiunoni, ameikunja mpaka magotini, akaona kundi zima likipita mbele yake, maelfu kwa maelfu, likageuka kwa mara moja bila hata mmoja kuchelewa, likawaka kama fedha, likazimika. Alitaka kulirukia na wavu. Landhoni akamshika mkono.

"Usiwafuate, Ima. Ukiwafuata unawafukuza."

"Sasa niwaandikie barua?"

"Wanageuka pale kwenye jiwe, halafu pale kwenye nyasi. Mara ya tatu watageuka hapa."

Akatia wavu wake wa pembe tatu mahali ambapo hapakuwa na samaki hata wa dawa, akatulia. Wakaja wenyewe, wavu ukajaa mpaka mpini ukapinda.

"Bahati," alisema Khomdonbi. Lakini njia nzima ya kurudi alikuwa akimtazama kwa pembeni.

Samaki wale wa Iril ndio Landhoni aliowashindilia Desemba katika chungu alichopewa na mama yake, chungu chake cha kwanza tangu aolewe. Khomdonbi alisimama juu yake kama nyapara. "Kisigino! Kisigino, si vidole! Unawabembeleza walale?" Landhoni alizunguka taratibu juu ya kitambaa kilichowafunika samaki, akashindilia tabaka, akaongeza tabaka, jasho linamtoka ingawa ilikuwa baridi. Alipomaliza aliziba mdomo wa chungu, akaweka viganja vyote viwili juu yake kwa muda kama anayemlaza mtoto. Vyungu vingine saba vya mwaka ule vilikuwa vya Khomdonbi mwenyewe.

Siku ya kuvifungua ilifika katikati ya Julai. Mvua ilikuwa inapiga bati la soko tangu alfajiri na maji yalikuwa yanatiririka katikati ya vizimba. Vyungu vinane vilipangwa mbele ya Khomdonbi, vifuniko vimeondolewa, kila kimoja na uso wake laini wa kahawia. Asubuhi nyumbani alikuwa amevigonga vyote, akakipenda zaidi cha saba, chungu kikongwe cha mama mkwe wake. Kilitoa sauti nzito ya kupendeza. "Hiki," alimwambia Landhoni, "hawatakisahau."

Mnunuzi mkubwa alikuwa Rashmani, mwanamke mnene mwenye hoteli ya wali karibu na stendi ya mabasi, ambaye kila mwaka alichukua vyote vinane kwa neno la Khomdonbi, bila kunusa hata kimoja. "Kwa nini nijichoshe?" alizoea kusema. "Pua yako naila bure." Akaketi ukingoni mwa kizimba, akakunja mwavuli.

"Haya, Ima, nifungulie mwaka."

"Mwaka wa tajiri haufunguliwi kwa haraka," alisema Khomdonbi. "Landhoni, nenda ukamletee mgeni tambuu, na usirudi na zile zilizonyauka."

Landhoni akaondoka. Khomdonbi akagonga chungu cha kwanza, akachoma kijiti, akakisogeza puani akafumba macho, kwa madaha, kisha akasugua samaki kwa vidole. "Kinafaa." Cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu. Rashmani alitikisa kichwa kila mara, anatabasamu, na wanawake wa vizimba vya jirani wakasogea kutazama, maana siku ya Khomdonbi kufungua vyungu ilikuwa kama sherehe.

Kizimba cha mkabala kilikuwa cha Achoubi. Umri wao ulikuwa mmoja, walianza soko mwaka mmoja, na kwa miaka thelathini na moja Achoubi alikuwa wa pili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kuwa wa pili, hilo tu. Na kwa mwezi mzima alikuwa akitazama jinsi mwenzake anavyowapa wateja kijiti wanuse kwanza, jambo ambalo Khomdonbi wa zamani asingelifanya hata kwa fimbo.

Wakati Khomdonbi amegeuka kumwonesha Rashmani ugumu wa samaki wa chungu cha tatu, Achoubi alivuka na kikombe chake cha chai, akainama kana kwamba anavistaajabia vyungu, akadidimiza kijiti chake mwenyewe katika chungu cha nne, akakivuta, akakichovya haraka kwenye chai, na kurudi kwake. Hata sekunde kumi hazikupita. Kisha akaita kwa sauti ya huruma.

"Dada! Nisaidie mwenzako. Kuna chungu changu kimenipa wasiwasi. Nitilie neno."

Akanyoosha kijiti juu ya njia. Khomdonbi alikipokea kwa fahari yote. Mbele ya Rashmani, mpinzani wake anaomba msaada! Akakipitisha puani. Akasugua vipande vya samaki kwa vidole: vimelowa, vinateleza. Uso wa kusoma haukuwapo, maana Achoubi alikuwa ameukausha wake kama ubao. Lakini alihitaji nini zaidi?

"Achoubi, dada yangu," alisema, na safu nzima ikasikia, "hiki hakifai. Maji yameingia. Uliyeshindilia chungu hiki ulikuwa unasinzia. Tafuta jiwe."

Achoubi alisubiri kidogo, aonje utamu.

"Chungu chenyewe ni chako," alisema.

"Ati nini?"

"Cha nne hicho hapo mbele yako. Tundu la kijiti changu hilo, bado liko wazi. Shoga yangu hapa ameniona nikichoma. Hebu nusa tena, dada. Nusa vizuri. Au niite daktari?"

Mtu mmoja alicheka, kisha wakacheka kumi. Halafu kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu kila mmoja alikumbuka desturi. Mwenye kizimba ametamka. Rashmani alishuka ukingoni, akasimama.

"Ima Khomdonbi," alisema polepole, "mimi nakula kwa neno lako miaka kumi na miwili. Sasa nieleze. Kama chungu ni kibovu, kivunje. Kama si kibovu..."

Khomdonbi alikitazama chungu cha nne. Kilikuwa cha Landhoni. Hakuhitaji pua kujua kwamba ni kizima. Alikuwa amekigonga asubuhi, tena alikuwa amesimama juu ya yule binti akihesabu kila kisigino. Lakini akili yake, ile aliyojivunia, ilimwonesha njia mara moja, pana na rahisi. Vunja. Chungu kimoja tu. Sema pua yako imeona ndani ambako wengine hawaoni. Nani atabisha juu ya vigae? Utabaki mbele, utabaki pua ya safu, na Achoubi atarudi kwenye nafasi yake ya pili. Binti ni kijana. Atashindilia kingine.

Wakati huo huo Landhoni alirudi na majani ya tambuu mkononi. Alimwona Rashmani amesimama, akaliona tundu, akaona uso wa mama mkwe wake, na Achoubi hakumnyima habari.

"Mama mkwe wako amekikataa chungu chako, mwanangu. Mbele yetu sote."

Landhoni aliweka tambuu chini. Aliinama akanusa chungu chake mara moja, kwa muda mfupi sana, na Khomdonbi akaona mabawa ya pua yake yakifunguka na uso ukilainika, ule uso wa mtu aliyekuta kitu kizuri. Alikuwa amesoma nyuso miezi mitatu, na huo aliusoma vizuri kuliko zote. Kisha Landhoni alipenyeza mkono chini ya mkeka akavuta lile jiwe la mto.

"Ima ameshasema," alisema kwa sauti yake ndogo. Akapiga magoti, akashika shingo ya chungu cha mama yake kwa mkono wa kushoto, akainua jiwe kwa wa kulia.

Khomdonbi aliona yote kwa pamoja. Binti huyu anajua. Anajua kwamba chungu ni kizima, na anajua kwa nini mama mkwe wake hakukitambua, na anakivunja ili yeye abaki ameketi pale alipo. Aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka kwenye masikio, aibu ya kweli, iliyo kubwa kuliko ya kuchekwa na soko zima.

"Acha!"

Jiwe likabaki juu.

"Weka chini hilo jiwe. Weka chini, nimesema! Chungu ni kizima. Mbovu ni mimi." Akainua sauti, maana hakuwa mtu wa kufanya jambo kwa kunong'ona, hata hili. "Haya, sikilizeni, msije mkaulizana kesho. Pua yangu ilikufa Aprili. Tangu hapo sijasikia harufu ya ngari, wala ya ua, wala ya huyu Achoubi, na hiyo peke yake ndiyo nafuu niliyopata. Nimewauzia kwa vidole na masikio. Kama kuna aliyeuziwa kibovu aje anitukane sasa, nipo."

Hakuja mtu. Mvua ilikuwa inapiga bati. Achoubi alikuwa amejiandaa kumwona mwenzake akibabaika, si kumwona akisimama hivi, na ushindi wake ukawa hauna ladha hata kidogo.

"Miezi mitatu," alisema hatimaye. "Bila pua. Na hukukosea?"

"Nimekosea leo. Ulichovya kwenye chai, si ndiyo? Mchawi we."

"Nilichovya," alikiri Achoubi, na kwa sababu fulani wote wawili walianza kucheka, Khomdonbi huku machozi yakimtoka.

Rashmani hakucheka. Alikuwa na hoteli ya kulisha watu, na vyungu vinane mbele yake, na saa ilikuwa inakwenda. Aliinama akanusa mwenyewe chungu cha nne. "Hiki nakichukua hata bila kuulizana," alisema. "Lakini vingine? Mimi najua kula, sijui kuchagua. Nani ananusa?"

Wanawake wakatazamana. Khomdonbi alisimama. Magoti yalimlalamikia. Alichukua mto wake wa kukalia, uliokaa pale mbele miaka thelathini na moja, akaupiga mara mbili kutoa vumbi, akauacha pale pale, yeye akasogea nyuma penye majani ya kufungia vifurushi.

"Kaa," alimwambia Landhoni.

"Ima, mimi siwezi kusema mbele za watu."

"Neno ni moja au mawili. Hata nguzo ingeweza. Kaa."

Landhoni aliketi ukingoni mwa mto kama mgeni. Alichukua kijiti. Alianza na vyungu vitatu ambavyo Khomdonbi alikuwa amekwisha kuvipitisha, na huko nyuma Khomdonbi alinyoosha shingo. "Kinafaa," alisema Landhoni. "Kinafaa. Kinafaa." Masikio hayakuwa ya bure, basi! Khomdonbi alijipigapiga paja kwa furaha. Cha nne alikiruka, ni chake. Cha tano kinafaa. Cha sita alinusa mara mbili, akasema kinafaa lakini kiliwe kabla ya baridi, na Rashmani akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeanza kuzoea kitu kipya.

Akafika cha saba.

Alididimiza kijiti, akakivuta, akanusa. Akakifuta, akadidimiza tena upande wa pili, chini kabisa. Akanusa. Safari hii hakukiondoa kijiti puani upesi. Shingo yake iliota wekundu. Aligeuza kichwa kidogo kuelekea nyuma, asifike mpaka kwenye macho ya mama mkwe wake, akarudisha mbele.

Kila mtu alikijua chungu kile. Kilikuwa sokoni kabla ya wengi wao kuzaliwa. Khomdonbi alikuwa amekishindilia kwa nyayo zake mwenyewe, na asubuhi ile ile alikisifu kuliko vyote. Hakuna ambaye angemlaumu binti kwa kusema neno moja dogo la heshima. Hata Rashmani aliangalia pembeni kumrahisishia.

"Hakifai," alisema Landhoni.

Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilifika mpaka mwisho wa safu.

"Umesemaje?" aliuliza Achoubi.

"Juu ni kizuri. Chini kimechacha. Hakifai."

Khomdonbi alikuja mbele kwa magoti, akasukuma majani pembeni. Alikitwaa kijiti, akasugua kilicholetwa kutoka chini kabisa, ambako vidole vyake havikuwa vimefika. Kiliteleza. Masikio yalikuwa yamemdanganya, na kama si Achoubi na chai yake, chungu hiki kingekuwa sasa hivi njiani kwenda hotelini kwa Rashmani, kwa neno lake, kwenye sahani za watu. Alimtazama mkaza mwanawe. Landhoni aliufunga mdomo wake kwa namna ambayo Khomdonbi aliijua vizuri sana, kwa sababu aliifanya yeye mwenyewe miaka thelathini na moja.

Basi moyo wake ukajaa, akataka kupiga vigelegele. Badala yake alichukua jiwe, akamwekea Landhoni kiganjani, na kwa mikono yake miwili akakishika chungu cha saba kisiyumbe.

"Unangoja nini?" alisema. "Piga kwa nguvu, mwanangu. Hiki ni kigumu, nimekinywesha mafuta mwenyewe."